Jembe Nililopewa Lilikuwa Penseli

Mwanangu alikuwa na miaka 8 alipoleta nyumbani karatasi ya shule iliyosema kwamba klabu ya kriketi ya kijijini hufundisha watoto kila Ijumaa jioni. Ilikuwa Mei 2018. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wodini, na kriketi kwangu ulikuwa mchezo niliouona kwa mbali tangu utotoni Mombasa: watu wa mavazi meupe, wengi wao Wahindi wa mjini, wamesimama juani saa nzima bila mimi kuelewa wanangoja nini. Lakini mtoto hakuwa na rafiki hata mmoja, na nusu mwaka ilikuwa imepita tangu tuhamie kijiji kile kutoka Leeds. Nikamvika koti tukaenda.

Kijiji kiko Bonde la Wharfe, Yorkshire. Uwanja wenyewe una mteremko. Upande mmoja kuna mto, upande wa pili ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, na nyuma ya ukuta kondoo. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, nyuso zote zimeelekea uwanjani. Nikasalimu. Wakaitikia, wakasema kuna baridi, wakarudisha macho kwa watoto. Ijumaa ya pili, vivyo hivyo. Niliondoka pale moyo umenisinyaa. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mtu akipita barazani wakati wa chakula haulizwi kama ana njaa, anaambiwa karibu, na asipoingia analaumiwa. Huku nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja na miezi 8 Uingereza, na hakuna jirani aliyewahi kunitamkia neno hilo.

Ijumaa ya tatu mvua ilinyesha. Watoto walikimbilia jengo kuu, nami nikajibanza chini ya paa la kibanda kidogo cha mbao kilichosimama peke yake kando ya mpaka wa uwanja. Dirisha lake lilikuwa wazi. Ndani mzee mmoja alikuwa anachonga penseli kwa kisu, moja baada ya nyingine, akizipanga mezani kama mtu anayepanga vyombo vya upasuaji. Alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi. Nikaingia nikakaa.

Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kenya. Nilijua kinachofuata, maana nilikuwa nimeshakizoea: simba, mbuga, au kaka yake aliyewahi kwenda harusini Diani. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tisini na tatu."

Sikuelewa. Akaendelea kuchonga. "West Indies. Tisini na tatu, wote nje."

Usiku ule nilitafuta kwenye simu. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mikimbio, yaani pointi za mchezo huu, 166 tu. West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi iliyokuwa imewahi kuutawala mchezo huu duniani, ikapiga ikaishia 93. Nahodha wa Kenya, Maurice Odumbe, alichukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji 3, kwa mikimbio 15. Nikasoma mpaka usiku wa manane, nikafika 2003, Kenya ya Steve Tikolo ikicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka ule nilikuwa msichana Mombasa, redio zikipiga kelele mtaani, na sikujali. Mzee wa Yorkshire ambaye hajawahi kukanyaga Afrika ndiye aliyenirudishia kitu cha kwetu nilichokipita bila kukiona.

Lakini nimeruka jambo. Kabla sijaondoka kibandani jioni ile, mvua ilipokatika, alinipa penseli. Akasema mwenzake wa kuandika alama hatakuwapo kesho. Saa saba mchana. Hakuniuliza kama najua mchezo, wala kama nina nafasi.

*

Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake tunaijua: ukarimu una mpaka, na mgeni akikaa sana sharti naye ashike kazi. Imenichukua miaka kuona kwamba katika kijiji kile mpango ni mwingine kabisa. Jembe ndilo karibu lenyewe. Hawakualiki kuketi ili wakutazame usoni na kukuuliza habari za nyumbani. Wanakupa kitu cha kufanya kando yao, macho yote mkielekeza kazini, na baada ya miezi kadhaa ya kufanya kazi hiyo pamoja ndipo siku moja, bila kugeuka, mtu anakwambia mke wake ni mgonjwa.

Nazungumzia kijiji kimoja, bonde moja. Lakini wodini pia nililiona, na kwenye bustani za mboga za kukodi ambako wazee huelewana kwa kuazimana majembe ya kweli. Nilikuwa nasubiri neno, kumbe walikuwa wameshanipa.

Kuandika alama za kriketi si kazi ya kubahatisha. Kila mpira unaorushwa sharti uonekane kwenye daftari mara mbili au tatu: kwa aliyerusha, kwa aliyepiga, na kwenye jumla ya timu. Mpira usiozaa kitu ni nukta. Ova ni mipira 6, na nukta 6 mfululizo huunganishwa kwa mistari ziwe herufi M, kwa sababu mrushaji hakutoa hata mkimbio mmoja na anastahili heshima yake. Kila timu huja na mwandishi wake, na wawili hao hukaa bega kwa bega, na mwisho wa kila ova hulinganisha hesabu. Mahasimu wawili, penseli mbili, jumla moja. Zisipolingana hakuna anayepandisha sauti. Mnarudi nyuma mpira kwa mpira mpaka mmoja aone alipokosea. Na mwandishi hashangilii. Mzee alinieleza hilo kabla ya jambo lolote jingine: wakati watu wanapiga makofi, wewe unaandika.

Kilichonishika zaidi ni ishara. Mwamuzi aliyesimama katikati ya uwanja hawezi kupiga kelele kila mara, kwa hiyo huzungumza na waandishi kwa mikono. Mikono yote miwili juu, mikimbio 6. Mkono ukipepea kulia na kushoto, 4. Mikono imenyooshwa pande zote mbili, mpira umepita mbali mno na mpigaji. Akigusa goti aliloliinua, mkimbio umepatikana kwa mpira kugonga mwili wa mpigaji na si gongo lake, hivyo unahesabiwa kwa timu na si kwa mpigaji. Na kila ishara sharti ijibiwe. Mwandishi huinua mkono au kuwasha taa, na kwa sheria za mchezo mwamuzi haachi mpira mwingine urushwe mpaka aone amejibiwa.

Sisi tuliofunzwa dini tunajua kutoa salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu. Siku ile ya kwanza, mwanamume wa koti jeupe nisiyemjua kwa jina alinigeukia kutoka umbali wa mita 70, akapepea mkono, akasimama. Wachezaji 13 walikuwa wamesimama pamoja naye. Mzee akanigusa kiwiko. Nikainua mkono. Mchezo ukaendelea. Baada ya mwaka mmoja na miezi 8 ya salamu zilizoishia kwenye habari za baridi, huyu mtu alikuwa amesimamisha uwanja mzima kungoja itiko langu.

*

Watu wa Yorkshire hawapotezi maneno. Mzee aliniita kwa neno ambalo kwetu ungelifasiri "mpenzi", na siku ya kwanza nilishtuka, mpaka nikamsikia akimwita hivyo muuza magazeti, fundi wa bomba na jibwa la jirani. Ukifanya kazi vizuri kabisa, sifa yake ni "si mbaya". Niliipata mara ya kwanza Agosti, nilipomaliza daftari zima bila kufuta, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Mwezi huohuo niliona jina langu kwenye orodha ya zamu ya chai, imebandikwa ukutani kwa pini. Hakuna aliyeniuliza. Chai ya kriketi ni mlo kamili unaoliwa katikati ya mchezo, timu zote mbili zikikaa meza moja: sandwichi za mayai na za matango, keki ya tabaka mbili yenye jamu, na skonzi, ingawa si zile za dukani kwetu, hizi ni fupi na kavu, huliwa kwa malai nzito. Birika la chai ni kubwa kama la harusini. Nilipika nilichokijua. Mahamri, bhajia za viazi na ukwaju, kaimati. Wachezaji wakasimama mbele ya meza wakitazama. Kisha mrushaji mmoja mnene wa timu ya wageni akachovya bhajia kwenye ukwaju, akafumba macho, na baada ya hapo sikuwa na cha kurudisha nyumbani. Mwaka uliofuata kwenye orodha hawakuandika tu jina langu. Waliandika pembeni yake, kwa herufi kubwa, jina la bhajia, na tahajia waliipatia.

Chai zile hazipo tena kama zilivyokuwa. Korona ilipozima michezo mwaka 2020, kriketi ya vijijini iliporuhusiwa kurudi mwezi Julai ilirudi bila chai, kila mtu na mfuko wake wa chakula, na ligi nyingi baadaye ziliamua kutoirudisha kwa lazima. Ninaelewa sababu. Kazi ile iliwaelemea wanawake kwa miaka mingi. Hata hivyo nasikitika, maana ndipo mahali pekee nilipowaona watu wale wakikaa uso kwa uso.

*

Jumapili tarehe 25 Agosti 2019 ndiyo siku niliyoelewa kwa nini wanaupenda mchezo huu. Tulikuwa na mechi ya kirafiki, na nusu saa kutoka kwetu, pale Headingley, uwanja mkubwa wa Leeds, Uingereza ilikuwa inamalizana na Australia. Ilikuwa hivi: katika zamu yake ya kwanza Uingereza ilikuwa imepiga ikaishia 67, jambo la aibu. Sasa ilihitaji 359 kushinda, na ilipofika 286 wachezaji 9 walikuwa wameshatoka. Aliyebaki kuingia alikuwa Jack Leach, mrushaji, mtu wa miwani ambaye kupiga si kazi yake. Upande wa pili alikuwa Ben Stokes.

Mzee alikuwa na redio ndogo kibandani. Mchezo wetu ulianza kuzorota bila mtu kuamua. Mchezaji aliyewekwa karibu na mpaka alisogea hatua kwa hatua hadi dirishani. Mwamuzi alichukua muda mrefu kuhesabu mipira yake. Ilikuwa karibu saa kumi, chai ilikuwa tayari, na hakuna aliyeigusa.

Huku tukisikiliza, mzee alinisimulia, akitazama uwanjani, habari ya Jumatatu tarehe 20 Julai 1981. Uwanja uleule, wapinzani walewale. Uingereza ilikuwa imelazimishwa kupiga tena ikiwa nyuma kwa mikimbio 227, na ilipofika 135 wachezaji 7 walikuwa nje. Kampuni za kamari zilikuwa zimeahidi kulipa 500 kwa 1 Uingereza ikishinda. Akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, aliinuka kwenye kiti chake akaenda kupanda basi. Akiwa ndani ya basi akasikia redio ya abiria mmoja: Ian Botham ameanza kupiga. Botham alimaliza na 149 bila kutolewa, kesho yake Bob Willis akachukua wiketi 8 kwa mikimbio 43, Uingereza ikashinda kwa 18. Mzee alikuwa na tiketi mfukoni na hakuyaona kwa macho yake. "Tangu hapo," akasema, "siondoki kabla ya mwisho."

Stokes alipiga 135. Lakini Leach ndiye niliyemfuata kwa moyo. Alikabili mipira 17, na kati ya mpira na mpira redio ilituambia anavua miwani na kuifuta. Alipata mkimbio 1. Mmoja. Wawili hao waliongeza 76, Uingereza ikashinda kwa wiketi 1 iliyobaki, na pale kwetu wanaume 22 na waamuzi wao wakawa wanakumbatiana ovyo katikati ya mechi isiyo yao. Mzee hakushangilia. Alichukua kipande cha karatasi akachora safu ya Leach kama ingekuwa kwenye daftari letu: nukta, nukta, nukta, nukta, mstari mzima wa nukta na tarakimu moja. Akanisukumia. Ninayo hadi leo.

Sijawahi kuona mahali pengine mtu akipewa heshima kubwa hivyo kwa kutotolewa tu. Mama yangu alitulea watoto watano kwa mtindo wa Leach.

Oktoba ile, wakati wa likizo fupi ya shule, nilimpeleka mwanangu London. Nilitaka aone Mnara wa London na daraja lake. Yeye alitaka Lord's, uwanja maarufu wa kriketi. Tulipita Trafalgar Square, tukasimama chini ya nguzo ya Nelson, jemadari aliyekufa vitani baharini mwaka 1805, na mtoto akainua mguu mmoja juu kama korongo. Nikajua anachofanya. Alama ikifika 111 wacheza kriketi huiita Nelson na kuiogopa, na kibandani mzee huinua miguu yote miwili kutoka sakafuni mpaka alama isogee. Watalii walimtazama mwanangu wasielewe. Kwake yeye, lile sanamu halikuwa la mtu wa vitabuni.

Lord's ipo mahali pake tangu 1814, na klabu inayoumiliki, MCC, ni ya 1787. Wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama mpaka kura ya 1998. Hilo nalisema kwa sababu nilipokuwa nikitembea katika chumba chao kirefu chenye picha za wazee wa kale, nililifikiria kila hatua. Kwenye jumba la makumbusho kuna kile chombo maarufu cha majivu ambacho Uingereza na Australia hugombania. Mwaka 1882 Uingereza ilifungwa nyumbani kwa mikimbio 7, gazeti moja likachapisha tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia, na utani ule haujaisha hadi leo. Nilitarajia kombe. Ni kijichombo cha sentimita 11 hivi, kidogo kuliko chetezo cha udi cha mama yangu. Nilikipenda papo hapo.

*

Sasa nifike kwenye Novemba 2021, ambayo ningeweza kuiruka lakini nitakuwa nimefuta kilichoandikwa.

Jumapili tarehe 14 ilikuwa Jumapili ya Ukumbusho. Kila Novemba, Jumapili ya pili, kijiji husimama mbele ya jiwe lenye majina ya waliokufa vitani, maua mekundu ya karatasi vifuani, na saa tano asubuhi wote hunyamaza dakika 2. Wiki ile mzee alikuwa amenionyesha sanduku la madaftari ya zamani ya klabu. Nilikuwa nimefungua la 1913 na kusoma majina ya wapigaji. Nikiwa nimesimama kwenye ukimya, nikayakuta manne kati ya majina yale kwenye jiwe. Mmoja wao katika daftari alikuwa ametoka bila mkimbio hata mmoja, na jina lake limeandikwa kwa mwandiko uleule mzuri wa aliyepiga 50.

Nikawaza vijana wa kwetu. Vita hivyohivyo vya 1914 viliwachukua wapagazi kwa maelfu, watu wa Kariakoo, waliobeba mizigo ya jeshi hadi wakafa kwa maradhi njiani. Mombasa kuna mnara wa askari na wapagazi, niliupita mara mia nikienda shule, na majina yao hayapo. Aprili mwaka uleule, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikuwa imekiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mtu aliyetoka bila mkimbio kwenye mechi ya kijiji mwaka 1913 ana jina. Babu zetu hawana.

Siku mbili baadaye, tarehe 16, Azeem Rafiq aliketi mbele ya kamati ya Bunge London. Ni mzaliwa wa Karachi aliyekulia Barnsley na kuwahi kuwa nahodha wa Yorkshire. Alisimulia, akitokwa machozi, ubaguzi alioupata katika klabu ya jimbo. Wakumbuke watu kwamba klabu hiyo kwa muda mrefu ilichukua wachezaji waliozaliwa ndani ya mipaka ya Yorkshire pekee. Wa kwanza kutoka ng'ambo alikuwa Sachin Tendulkar, 1992.

Jumatano jioni mzee alibisha mlangoni kwangu. Hajawahi kuja kwangu kabla. Kwapani alikuwa na daftari la 2019. Alilifungua mezani kwenye mechi moja ya ugenini ambayo nilikuwa na sababu ya kuikumbuka. Siku ile mtu mmoja nyuma ya kibanda alimtamkia mwanangu neno ambalo sitaliandika. Mimi nilisikia. Mzee alikuwa ameinamia daftari.

"Ulisikia?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Na mimi." Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Kila mpira wa siku hii nimeuandika. Lile sikuliandika popote."

Nilimwambia ukweli. Lile neno niliweza kulibeba, nimebeba mazito kuliko hilo wodini. Lililonilemea ni ukimya wake, aliyekuwa amekaa nami bega kwa bega. Hakujitetea. Alikunywa chai yangu ya tangawizi yote, akashukuru, akaenda.

Ule utulivu wao nilioujifunza kuupenda, wa kutosema mengi, wa kuelekeza macho kwenye kazi, una gharama, na gharama yake hailipwi na wote sawasawa. Nitaupenda na nitalisema hilo pamoja.

Julai 2022 tulikuwa nyumbani. Timu ya wageni ilikuwa na kijana mrushaji mwenye asili ya Pakistani, na mtazamaji mmoja wa upande wetu, mtu ninayemjua, alimrushia maneno kutoka kwenye kiti chake. Mpira uliofuata ulipigwa hadi mpakani. Mwamuzi akageuka kwetu akapepea mkono: 4. Mzee hakuinua mkono. Nikamtazama, nikauacha wangu mapajani. Mwandishi wa wageni naye akatulia. Mwamuzi akapepea tena. Hakuna itiko. Uwanja ukasimama, wachezaji wakaanza kutazamana, watu wakageuka kwenye viti. Mwisho mwamuzi akatembea ile safari yote hadi dirishani akauliza kuna nini. Mzee akamwambia, kwa sauti yake ya kawaida, kilichosemwa na aliyesema. Yule mtu aliondoka uwanjani kabla manahodha hawajafika kwake. Kisha mzee akainua mkono, nasi tukainua, na 4 ikaandikwa.

*

Kiangazi cha 2024 mwanangu alikuwa na miaka 14 na wakamwita kwenye timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza. Alipangwa wa mwisho kupiga, nafasi ya Leach. Niliandika jina lake kwenye mstari wa 11 kwa mkono uliokuwa mzito, na mzee, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri hadi katikati ya uwanja na huja kukaa tu, alisogea akaniachia benchi lote.

Aliingia akiwa mdogo ndani ya kinga za miguu. Mpira wa kwanza, nukta. Wa pili, nukta. Wa tatu ulimgonga pajani ukateleza kando, mwenzake akapiga kelele, wakakimbia, wakabadilishana upande. Watu wakapiga makofi. Mwanangu aliinua gongo kidogo kunielekea, uso umejaa furaha, akidhani amepata mkimbio wake wa kwanza.

Mwamuzi alikunja mguu, akaligusa goti lake. Akanitazama, akasubiri.

Nikainua mkono.